Mto unaonuka sio lazima uwe ndio mwenye makosa

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, iwe kwa matatu, iwe harusini, iwe nje ya kanisa watu wakisalimiana, mtu akishajua tu kwamba nafundisha chuo na kazi yangu ni maji ya Ziwa Victoria, ni hili: "Sasa daktari, hili ziwa letu ni nani analiharibu?" Na anayeuliza huwa hangoji jibu juu tayari ana mtu wake. Wa mjini atakwambia ni viwanda. Wa kiwanda atakwambia ni sueji ya mji. Mvuvi atakwambia ni wale wanaofuga samaki kwa vizimba humo ziwani, mwenye vizimba atakwambia ni wakulima wa huko juu na mbolea zao, na mkulima wa huko Nandi ukimfuata mpaka shambani kwake anakuuliza kwani ziwa liko wapi, yeye hata harufu yake hajawahi kusikia.

Miaka kadhaa sasa nimekuwa naongoza kikundi cha utafiti cha chuo hapa upande wa Kisumu, wanafunzi wa masta na wa PhD, teknishani wa maabara, nahodha wa boti, tunapima virutubisho kwenye maji ya kando ya ziwa na kwenye mito inayoingia. Naandika haya juu wanafunzi wapya wanakuja na maswali yale yale kila mwaka na nimechoka kurudia kwa mdomo.

Kwa wasiojua, upande huu wetu ziwa haliko wazi venye mtu anafikiria. Ziwa Victoria lote ni kama kilomita za mraba 68,800 na Kenya tuna asilimia 6 tu, na Kisumu yenyewe imekaa mwisho kabisa wa Ghuba ya Winam, kipande cha kilomita za mraba kama 1,400 ambacho kina chake kwa wastani ni mita 6 hivi, na huku karibu na mji ni chini ya hapo. Mlango wa kutokea kwenda ziwa kubwa ni mkondo wa Rusinga. Kulikuwa na mlango mwingine mdogo pale Mbita, miaka ya 80 mwanzoni wakaziba kwa mawe na udongo wakitengeneza barabara ya kwenda kisiwani, ikachukua miaka mingi sana kabla daraja kujengwa maji yapite tena. Kwa hivyo kitu kikiingia Winam hakitoki leo wala kesho.

Na kinachoingia, kwa sehemu kubwa ya hii shida, sio sumu, ni chakula. Nitrojeni na fosforasi, zile zile zinazofanya mahindi yako yawe kijani, zikifika ziwani zinalisha mwani na gugumaji. Mwani ukijaa mwanga haufiki chini, ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Hiyo ndio hadithi yote kwa ufupi, mengine ni kiasi, wakati na mahali, na hapo ndio watu hupigana.

Tuanze na kiasi. Mto Kisat unapita ndani ya mji, ukiukaribia unaujua kwa pua kabla ya macho. Nyando na Sondu-Miriu, ile mito mikubwa inayoingia Winam, hazina hiyo harufu, ni maji ya udongo tu, watoto wanaogelea humo. Mwanafunzi mpya ukimwuliza tuanze kupima wapi atakwambia Kisat, na ukijaza chupa pale kweli fosforasi iko juu. Lakini chupa inakwambia kiasi kilichoko ndani ya lita moja, haikwambii ni lita ngapi zinapita. Huwa nawaandikia ubaoni namba za kubuni. Kijito kichafu chenye miligramu 2 za fosforasi kwa lita, kinapitisha lita 300 kwa sekunde. Mto mkubwa wenye miligramu 0.2 tu kwa lita, lakini unapitisha lita 40,000 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Kijito kinaleta kama kilo 52 kwa siku, ule mto ambao hakuna mtu analalamika juu yake unaleta kilo 691. Huo ndio tunauita mzigo, na kama huna mzigo huna haki ya kunyoshea mtu kidole.

Shida ni kwamba kujaza chupa ni rahisi na kupima mwendo wa mto ni kazi ngumu. Lazima uingie majini na kile kipimo chenye propela, upime kina na kasi hatua kwa hatua kutoka ukingo hadi ukingo, mto ukiwa chini, ukiwa katikati, ukiwa umejaa, mpaka upate uhusiano kati ya kimo cha maji na kiasi kinachopita. Halafu unaweka ubao wa chuma wenye namba ili mtu asome kimo kila siku. Ubao wa chuma. Pale kijijini. Wiki mbili umeenda na skrapu! Sisi siku hizi tunapiga rangi namba kwenye nguzo ya daraja na hiyo hakuna mtu anaweza kung'oa akauze. Watu wa mradi fulani walikuja na sensa za bei mbaya za kujipima zenyewe, mafuriko yakazibeba, sisi rangi yetu bado iko.

Sasa usikimbie kusema basi sueji haina neno. Hapana. Fosforasi ya mto wa udongo sehemu kubwa imeshikana na chembe za mchanga na mfinyanzi, ikifika ziwani nyingi inazama. Ile ya sueji na ya choo imeyeyuka tayari, mwani unaila papo hapo, inakuja kila siku kiangazi na masika, na inaingilia pale pale watu wanachota maji, tena ikiwa na vijidudu vya kuhara. Kwa hivyo mto mkubwa unalisha ziwa lote polepole na kijito kinaumiza ufuo ule uliopo jirani nacho leo hii. Na ile iliyozama nayo haijafa. Maji ya chini yakikosa oksijeni, mashapo, lile tope la chini, yanaiachilia tena ipande juu, ndio maana hata tukifunga mito yote kesho asubuhi ziwa litaendelea kujilisha kutoka chini kwa miaka. Hii wanasiasa hawapendi kuisikia kabisa, wanataka kitu kitakachoonekana kabla ya uchaguzi.

Wenzetu wa Chesapeake Bay kule Marekani, ambayo ni ghuba ya bahari kabisa, walichukua hii hesabu ya mzigo wakaifanya sheria. Mwaka 2010 mito yote inayoingia ikawekewa kikomo, nitrojeni isizidi pauni milioni 185.9 kwa mwaka na fosforasi pauni milioni 12.5, ikagawanywa kwa majimbo 6 pamoja na mji wa Washington kila mtu ajue sehemu yake, wakajiwekea mpaka 2025. Na pesa zote zile na vyuo vyote vile hawakufika kote. Naitaja juu kuna watu hukasirika wakisikia utafiti wetu umechukua muda, sisi wenye ziwa la nchi tatu na friza moja.

Wakati. Hapa ndio nimepigana na wasimamizi wa pesa kuliko mahali pengine. Ukiangalia data nyingi za zamani za mito yetu utakuta sampuli zilichukuliwa siku za kazi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, manake barabara inapitika na gari la ofisi lipo. Lakini mto haubebi mzigo wake saa nne asubuhi ya Jumanne ya kiangazi. Mvua kubwa chache kwa mwaka ndio zinabeba sehemu kubwa ya udongo na fosforasi yake, na tena uchafu mwingi mara nyingi unakuja wakati maji yanapanda, sio yakishajaa. Ukifika mto umeshafika kileleni umekosa chakula umekuta sahani. Na Nyando ina ujanja wake, mvua inanyesha huko juu Nandi na Tinderet, huku chini uwanda wa Kano kukavu kabisa watu wamelala, saa nane za usiku ndio mto unakuja.

Kwa hivyo nililazimisha kwenye bajeti kuwe na vijana wanaokaa Ahero, pale kwenye daraja la Nyando, msimu wa mvua, wenyeji wa pale pale, tukawafundisha, tunawalipa kwa wakati. Nasisitiza kwa wakati. Mhasibu anaweza kukwambia pesa itatoka kwota ijayo lakini mto haujui kwota, na kijana ambaye hujamlipa mwezi uliopita hataamka saa nane za usiku akasimame darajani na kamba. Pale karibu na daraja kuna mama anauza nyanya na omena, huyo ndio mtambo wetu wa onyo la mapema, sisemi kwa mzaha. Anaona kitu kabla yetu: povu la rangi ya chai linaanza kushuka na vipande vya mabua ya mahindi, hali kimo bado hakijabadilika hata kidole. Anamwambia kijana wetu, "Mwanangu, leo usilale." Kijana hulala na simu kichwani na gambuti mlangoni, na usiku huo kwa kawaida mto unakuja kweli. Nilimuuliza amejuaje, akanitazama tu, akasema yeye amezaliwa hapo.

Sampuli yenyewe ya usiku inakuwa hivi. Chupa ya plastiki ndani ya kizimba cha chuma chenye uzito, kamba, tochi ya kichwani inayovuta wadudu wote wa Kano mdomoni mwako, maji rangi ya chai ya maziwa yanapiga nguzo mpaka daraja linatetemeka kidogo. Unashusha, unavuta, unamwaga la kwanza la kusuuza, unashusha tena. Lebo inaandikwa kwa penseli, sio kalamu wala maka peni, juu usiku wa mvua wino unatoka na asubuhi una chupa za udongo zisizo na majina. Nusu unaichuja hapo hapo kwa sindano ya chujio ili utenganishe kilichoyeyuka na kilichoshikana na udongo, na chujio linaziba baada ya mililita chache sana, vidole vinauma. Halafu kuluboksi. Barafu tunanunua kwa wauza samaki ufuoni, kwa hivyo kila chupa inavishwa mifuko miwili manake hiyo barafu ina magamba na damu ya mbuta, na damu ya samaki nayo ina fosforasi yake.

Maabara ni vita ingine. Njia tunayotumia kupima fosfeti, yaani ile fosforasi iliyoyeyuka, ni ile ya Murphy na Riley ya mwaka 1962, unaweka molibdeti na vitamini C, maji yanageuka bluu, yakizidi bluu fosforasi imezidi, unasoma kwa mashine kwenye mwanga wa nanomita 880. Ni njia nzuri, ya bei nafuu, na ina wivu. Chupa lazima ziloweshwe kwenye asidi na zisuuzwe kwa maji safi ya maabara, hakuna sabuni. Kuna asubuhi moja chupa ya ulinganisho, ile ya maji safi matupu ambayo inafaa ibaki nyeupe, ikatoka bluu kama sare za shule. Mwanafunzi akaniita mbio, akidhani mashine imeharibika. Tukatafuta tatizo siku nzima. Kumbe mama wa usafi, roho safi kabisa, ameona vijana wamechoka akawasaidia kuosha chupa zote, kwa sabuni ya unga. Sabuni zingine za unga zina fosfeti. Kuna mtu alitaka aandikiwe barua. Mimi nikasema huyu aje mafunzo kama wengine wote, akavaa koti jeupe akafanya jaribio mwenyewe, tone la maji ya sabuni, bluu ikapanda, akashika mdomo. Siku hizi hakuna profesa wala mgeni kutoka ng'ambo anaingia hapo akiwa amebeba kikombe cha chai.

Wanafunzi wangu wawili walikuwa na ubishi wao wa kudumu, kwamba adui ni fosforasi au ni nitrojeni. Wa fosforasi alikuwa na silaha yake, lile jaribio la David Schindler kule Ontario, Kanada, mwaka 1973, walikata ziwa moja katikati kwa pazia, upande mmoja wakatia kaboni na nitrojeni, upande wa pili wakatia hizo hizo wakaongeza fosforasi, na ni huo upande wa pili tu uliogeuka kijani kibichi. Wa nitrojeni alikuwa amesoma Mombasa na kule baharini mara nyingi nitrojeni ndio inapungua kwanza, kwa hivyo yeye alikuwa anaona watu wa maziwa wamelewa fosforasi. Niliwaacha wabishane miezi, niliwanunulia hata chai. Kwa sababu huku kwetu wote wana haki nusu. Fosforasi ikiwa nyingi nitrojeni ndio inakuwa haba, na hapo wanashinda wale sayanobakteria ambao baadhi yao wanaweza kuvuta nitrojeni kutoka hewani wenyewe. Ukipunguza nitrojeni peke yake umewasaidia hao. Ukipunguza fosforasi peke yake itabidi ungoje mashapo yamalize akiba yake. Tunasema punguza zote, lakini fosforasi usiilegezee hata siku moja.

Wakulima sasa. Kwanza tulikuwa tunaenda huko juu na picha za ziwa la kijani, watu wanatazama kwa heshima wanapiga makofi wanaenda nyumbani. Mkulima mmoja, mzee wa shamba la mahindi kwenye mteremko, aliniuliza mbele ya baraza, "Madam, unajua mbolea ya DAP ni shilingi ngapi? Wewe unafikiri mimi nataka iende kwa hilo ziwa lenu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini swali lake ndio likawa somo letu kuanzia siku hiyo. Gunia la DAP la kilo 50 limeandikwa 18-46-0 (hiyo 46 ni fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni iliyoshikana nayo), ukifanya hesabu ndani yake kuna kilo 9 za nitrojeni na kama kilo 10 za fosforasi halisi. Kilo 10 hizo zote zikiyeyuka ziwani zinatosha kuongeza mikrogramu 50 kwa lita kwenye maji lita milioni 200, ambayo kwa kina cha Winam ni kama ekari 8 za ziwa, na hicho ni kiwango cha kutosha kabisa kwa mwani kufanya sherehe. Gunia moja! Lakini kwa mkulima hatuanzi na ekari za ziwa, tunaanza na pesa. Ukiona maji ya kahawia yanatoka shambani kwako, hiyo ni risiti ya dukani inaondoka.

Na ushauri wenyewe sio wa kuvunja mgongo. Mbolea iingie shimoni ifunikwe na udongo, isirushwe juu. Mbolea ya CAN usiweke ukiona wingu kubwa linakuja jioni. Panda napia kwa mistari kukata mteremko, ng'ombe atakula na udongo utabaki. Acha kipande kando ya mto usilime mpaka majini. Na pima udongo, kwa sababu mashamba mengi ya huku magharibi udongo una asidi na unaikamata fosforasi mmea usiipate, DAP yenyewe mwaka baada ya mwaka inaongeza hiyo asidi, kwa hivyo unakuta mtu anaongeza mbolea na mavuno hayaongezeki hali angeweka chokaa kidogo angevuna zaidi kwa mbolea ile ile. Hapa ziwa na mfuko wa mkulima vinataka kitu kimoja, na sio mara nyingi kwenye mambo ya mazingira unapata bahati kama hiyo.

Wavuvi ndio walinifundisha saa. Tulikuwa tunatoka na boti mchana, mita ya oksijeni inasoma vizuri, miligramu 9, 10 kwa lita, tunaandika maji yako sawa. Mzee mmoja wa ufuo wa Dunga akaniambia, "Nyathina (mwanangu), unakuja kuangalia ziwa likiwa limeamka na kunawa uso. Njoo alfajiri." Tukaenda kabla ya jua. Ni hivi, mchana mwani unatengeneza oksijeni, usiku hautengenezi, unakula tu pamoja na kila kitu kinachooza, kwa hivyo kiwango cha chini kabisa kinakuja kabla ya mapambazuko, na maji yale yale yaliyosoma 9 mchana alfajiri unakuta yako chini ya 2. Samaki wa nje anahama. Kamongo anapanda juu anavuta hewa kama sisi. Samaki wa kizimba anaenda wapi? Ongeza siku kadhaa bila upepo halafu upepo ugeuke ghafla uinue maji ya chini, ndio unasikia watu wameamka wakakuta vizimba vimejaa samaki wanaelea tumbo juu, kama ilivyowakuta wafugaji wengi hapa Kisumu mwaka 2022. Siku hizi ratiba yetu ya boti inaanza saa kumi na nusu za usiku na wanafunzi wananichukia, jaketi za kuokolea zimevaliwa zote, hakuna jaketi hakuna boti hata kama wewe ni mgeni wa chuo.

Huyo mzee pia hakuwa anahitaji grafu zetu. Nilimwonyesha sahani ya Secchi, ile ya nyeusi na nyeupe unayoshusha mpaka ipotee machoni, iliyobuniwa mwaka 1865. Akasema wao walikuwa wanatumia kasia. Akiwa kijana alikuwa anaona ncha ya kasia lote likiwa majini, sasa hivi haoni hata pale mkono wa mbao unapoanza kupanuka. Basi tukapima kasia lake, tukaliandika kwenye daftari.

Kuna jambo moja ambalo halingoji jarida wala kongamano, nalo ni sumu ya mwani. Wale sayanobakteria, hasa Microcystis, wanaweza kutoa microcystin inayopiga ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa mtu anayekunywa maji hayo miaka yote, na 12 kwa muda mfupi. Na kuchemsha hakusaidii! Hiyo ndio watu wengi hawajui, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu lakini hii sumu inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inakuwa nzito zaidi. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, kando ya Ziwa Erie, watu karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba hata wakiyachemsha. Huku kwetu kuna akina mama wanachota na mitungi moja kwa moja ufuoni, wanasukuma ile rangi ya kijani kando kwa mkono. Kwa hivyo sheria ya kikundi chetu ni kwamba tukiona utando, BMU, ile kamati inayosimamia ufuo, na watu wa afya wa kaunti wanaambiwa siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, usichote hapa, usimnyweshe ng'ombe hapa, watoto wasioge hapa mpaka utando uondoke. Mwanafunzi mmoja aliogopa kwamba tukitangaza mapema mtu mwingine atachapisha kabla yake. Nikamwambia achapishe, lakini yule mama hatakunywa thesis yako.

Kutangaza mapema kuna bei yake. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilinipigia simu ikiniomba kwa upole niyakalie matokeo ya mto fulani mpaka wageni fulani wamalize kutembelea mji. Upole ule ulikuwa na meno. Nilichofanya tangu hapo ni kwamba matokeo yakiwa tayari yanatumwa kwa kila mtu wakati mmoja, kaunti, viwanda, vikundi vya watumiaji maji, BMU, wote kwa ujumbe mmoja, kwa hivyo hakuna wa kumpigia simu nani, yameshatoka. Na huwa natuma mizigo ya mito yote pamoja, sitoi ya mto mmoja peke yake, hivyo kila mmoja anajiona na anaona jirani yake. Simu zimepungua sana.

Na bado kuna sehemu ambayo haina mtu wa kupigiwa simu. Fosforasi nyingi ya Ziwa Victoria inatoka juu, hewani, vumbi la mashamba yaliyo wazi na moshi na majivu ya kuchoma vichaka na makaa, mvua inavishusha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2005 yalisema zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inapitia hewani, na eneo la maji ni kubwa kiasi kwamba inaleta maana. Nikisema hivyo kwa matatu yule aliyeuliza ni nani anaharibu ziwa hukasirika kabisa, anaona nimemkwepa. Sasa hivi tumeweka ndoo kwenye mapaa ya shule kadhaa kuanzia hapa hadi Nyakach, walimu wanatusaidia kuzishusha baada ya kila mvua, na sehemu ya kazi ya mwanafunzi wangu mpya ni kubuni wavu na miiba ya kuzuia ndege wasikae kwenye ukingo wa ndoo, juu ndege mmoja akinya humo sampuli yote ya wiki inaenda, na kunguru wa Kisumu hao hawaogopi miiba, tumeanza kujaribu kamba ya nailoni.